Picha ya Pili

Wanawake waliowaleta watoto wao kupimwa uzito Jumatatu ile walikuta picha mpya kwenye ukuta wa kliniki. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati, na gundi yake ilikuwa bado inanuka. Ilikuwa picha ya mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi, hana nguo hata moja. Tumbo lilikuwa limejaa, miguu imevimba na kung'aa, nywele zimepauka na kuwa nyekundu. Mtoto hakumtazama mtu. Alitazama sakafu kama aliyegombezwa. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MTOTO HUYU HALI CHAKULA BORA. WAKO JE?

Sellah Nanjala alikuwa ameketi benchi la tatu, binti yake Jescah mapajani na kikapu cha mayai miguuni. Akitoka hapo angeyapeleka mayai hotelini. Aliitazama picha kama wenzake walivyoitazama, kwa huruma ile ambayo mtu humpa mtoto wa mwingine, halafu akauona mkono. Mkono wa mtu mzima ulikuwa umemshika mtoto kwapani ili asianguke, na ukingo wa karatasi ulikuwa umeukata kwenye kifundo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Sellah akauingiza mkono wake wa kushoto chini ya leso ya mtoto na kuuacha hapo.

"Akina mama, mnaona nini?" aliuliza Sista Jepchirchir, muuguzi aliyekuwa akifundisha. Alikuwa msichana mpole, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa wanga.

"Tunaona tumbo," mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Amekatwa!" akadakia mwanamke mmoja wa Lubao, jina lake Khalayi, ambaye hakuweza kukaa mahali bila kuchekesha watu. "Hata picha imemkataa."

"Pengine yuko sokoni. Siku hizi wanawake wanashinda huko mpaka jua linazama," mwingine akaongeza.

"Tusicheke," Sista akasema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amejiuma mdomo. "Tujifunze. Mama wa mtoto huyu alikosea wapi? Wewe mama mwenye mayai, hebu tuambie."

Sellah akasimama. Nyuso zote zilimgeukia. Angeweza kusema hajui. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema hivyo tu, kwamba hajui. Lakini aliogopa kwamba akinyamaza watamtazama kwa muda mrefu zaidi, na wakimtazama kwa muda mrefu watamwona.

"Alikuwa mvivu," akasema. "Hakumjali mtoto wake."

"Eeh!" wanawake wakaitikia.

"Hapana, mama, si uvivu," Sista akasema kwa upole. "Hakufundishwa. Anaachisha mtoto kunyonya, anampa uji mtupu na ugali mtupu, basi. Mtoto anashiba, lakini mwili unakufa njaa." Kisha akainama, akachukua yai moja kutoka kwenye kikapu cha Sellah. "Niazime hili nionyeshe watu. Hili hapa, akina mama. Hili moja tu kwa siku."

Alilinyanyua juu ili hata wa mwisho waone. Sellah akaketi. Jescah alipopimwa, Sista alimtekenya kidevuni na kusema, "Huyu analishwa vizuri. Endelea hivyohivyo." Sellah akamshukuru, akatoka bila kudai yai lake.

* * *

Mumewe, Hezekiah Mukhwana, alikuwa karani wa stoo ya serikali. Alirudi jioni kwa baiskeli, akaisukuma mpaka ndani kama kawaida, akaketi kungoja chai. Nyumba yao ya kupanga pale Amalemba ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta uliowatenganisha na jirani yao Kageha ulikuwa wa mbao. Juu ya meza palitundikwa picha yao moja tu ndani ya fremu ya kioo: Sellah amekaa kwenye kiti, mtoto wao Barasa mapajani, amevaa shati jeupe lenye vifungo mpaka shingoni. Mtu asiyejua angesema ni mtoto aliyesinzia tu.

"Baba Barasa, leo nimemwona Barasa kliniki."

"Barasa? Si alishinda hapa na watoto wa Kageha?"

"Ukutani. Picha yake. Ile siku ya studio."

Hezekiah akaweka kikombe chini. "Una hakika?"

"Hana nguo. Mimi nimekatwa, umebaki mkono."

"Mikono ya watu inafanana, Sellah."

"Nionyeshe mwingine wenye kidole kama hiki."

Hakukitazama kidole. Aliuliza, "Watu wamejua?" Hilo ndilo lililomtoka kwanza, na Sellah alilisikia vizuri, ila hakulipima siku ile. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba anapaswa kukasirika, akasimama. Sauti yake ikapanda.

"Wanyonyi! Wanyonyi amefanya hivyo? Atanijua mimi ni nani! Nitampeleka kortini! Hii ni Kenya yetu sasa, haitawaliwi tena na mtu, halafu mwananchi amchukue mtoto wa mwananchi mwenzake amwuze kama mbuzi?"

"Polepole. Kageha atasikia."

"Asikie! Mimi ninaficha nini?"

Upande wa pili wa mbao, sufuria ya Kageha iliacha kugonga. Sellah alijua hapo kwamba kufikia kesho kisima kizima kitakuwa na habari.

Alikumbuka siku ile ya studio. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Uhuru, na tumboni alikuwa na Jescah. Barasa alikuwa amevimba mpaka viatu vyake havikuingia, na watu waliokuja kumwona walikuwa wameanza kusema kwa sauti ya chini. Hezekiah ndiye aliyesema waende wapige picha. Hakusema kwa nini. Wanyonyi, mpiga picha, alimpiga mtoto akiwa na shati, halafu akasema shati jeupe linaharibu uso, livuliwe apige tena. Sellah akalivua. Akamshika mtoto asimame. Picha iliyoletwa nyumbani ilikuwa ile ya shati, na hakuuliza ile nyingine ilikwenda wapi. Nani angeuliza? Siku ilipoletwa mtoto alikuwa amelazwa hospitalini, na siku nyingi baadaye akarudi akiwa mzima.

Jambo lililomkaa kooni halikuwa la Wanyonyi. Wakati ule tayari alikuwa akiuza mayai. Mama mkwe wake alikuwa ameagiza kutoka Butali kwamba mtoto asipewe yai mpaka meno yote yatoke, maana anayekula yai mapema huchelewa kusema. Wanawake wengi waliamini hivyo, na yeye alikuwa mke mpya asiyetaka kusemwa. Kila asubuhi kikapu kilipita mlangoni kikiwa kimejaa, Barasa akanyoosha mkono, na yeye akakihamishia kikapu upande wa pili.

* * *

Alhamisi alipokwenda Lubao kununua mayai kwa wanawake wa huko, alikuta wamekwisha kumpa jina.

"Mama wa Ukutani! Karibu!"

"Msimcheke jamani," alisema Khalayi, na yeye ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. "Mimi nilikuwa pale kliniki kwa macho yangu. Sista anamwuliza, mama huyu alikosea wapi? Anasimama, anasema, 'Alikuwa mvivu!' Kumbe anajisema mwenyewe! Nikasema, huyu mwanamke ana moyo."

"Na walilipwa ngapi?" akauliza mwingine.

"Nani alilipwa?" Sellah akasema.

"Dada, picha inafika mpaka kwa chifu Butali, mpaka Shianda, halafu useme hamkulipwa? Mzungu hachukui kitu bure. Sisi hatuna wivu. Tuambie tu, na sisi tulete wetu."

Wakacheka tena. Sellah akapanga mayai yake kwenye majani makavu, moja moja, asiwaonyeshe uso.

Hotelini, Cherotich mwenye hoteli alimpokea kwa adabu, akampa hata kiti, na Sellah akajua kwamba kuna neno. Cherotich hakuwa mtu wa kumpa muuza mayai kiti.

"Mama Barasa, mayai yako ni mazuri. Sijawahi kupata bovu."

"Asante."

"Lakini wateja wanaulizanga. Leo mwalimu mmoja ameuliza kama haya ni mayai ya yule mama ambaye hakumpa mtoto wake hata moja. Mbele ya watu. Mimi ninafanya biashara, unanielewa?"

"Ninaelewa."

"Ngoja ile picha ipoe kidogo. Ipoe kidogo, halafu urudi."

Sellah akarudi nyumbani na kikapu kilekile kizito. Mbele ya nyumba watoto wa mtaa walikuwa wamefanya duara, na katikati alisimama Barasa, mwana wake wa miaka minne na nusu, mnene, mwenye mashavu. Alikuwa amepandisha shati mpaka shingoni na kulitoa tumbo mbele kadiri alivyoweza.

"Mimi ndiye yule wa ukutani!" alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Tumbo! Tumbo!"

Watoto wakapiga makofi. Sellah akaweka kikapu chini, akamfuata, akampiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga usoni. Mtoto hakulia mara moja. Kwanza alimtazama, halafu akashusha shati lake polepole na kulishika kwa mikono miwili lisipande tena. Hapo ndipo alipolia, na mama yake naye akakaa kizingitini akashindwa kumbembeleza.

* * *

Ijumaa mchana Hezekiah alitoka stoo kabla ya saa ya chakula, akapanda baiskeli mpaka studio. Alikuwa na jambo la kumwomba Wanyonyi wawili peke yao. Alikuta mlango umefungwa. Fundi cherehani wa jirani alimwambia Wanyonyi amekwenda Shianda kupiga picha za harusi, na atarudi Jumamosi. Hezekiah akasimama pale juani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipofika nyumbani jioni, mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mama Nabwire alikuwa amekuja kwa basi kutoka Butali, na alikuwa bado hajafungua fundo la kanga yake wala hajakubali chai. Barasa alikuwa amekaa miguuni pake, anamwita Kukhu, yaani bibi, anamwonyesha gari lake la waya.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Keti." Akangoja mwanawe aketi. "Nimekuja kumchukua mtoto."

Sellah alikuwa amesimama mlangoni na bilauri ya maji mkononi. Akabaki nayo.

"Kumpeleka wapi, mama?" Hezekiah akauliza.

"Kwetu. Kwao. Picha yake imebandikwa barazani kwa chifu. Nimepita pale na kuni zangu, watu wakanyamaza. Mimi! Nikajua wananizungumza mimi. Mke wa Shitanda ndiye aliniambia. Anasema dada wa jirani yenu amemwambia ni mtoto wa karani. Anasema mmemwuza ugonjwa wake mkala pesa." Hakumtazama Sellah aliposema hivyo, aliutazama mlango. "Sasa wazee wanauliza ni nani aliuza. Na mimi ninajibu nini?"

"Mama, mimi sikuuza," Sellah akasema. "Mimi sikujua hata kwamba picha ipo."

"Mwanamke ndiye anashinda na mtoto. Picha ya mtoto itatokaje bila yeye kujua?"

"Sikujua, mama."

"Mwanangu hawezi. Wazee wamemchagua kuwa mweka hazina wa shule yetu ya harambee. Mtu wanayempa pesa za shule ndiye atauza mtoto? Hapana." Sasa alimgeukia Sellah, bila ukali, kwa uchovu tu. "Mama anayeuza ugonjwa wa mtoto wake, hatuwezi kumwachia mtoto. Hata wewe ungesema hivyo kama angekuwa mjukuu wako."

Sellah alijua sheria ya nyumba ile kama alivyojua ya kwao: mtoto ni wa ukoo wa baba, na neno la Hezekiah lingetosha kumbakisha au kumwondoa. Akamtazama mumewe. Hezekiah alikuwa akifuta matone ya jasho kwenye paji la uso.

"Wanyonyi ndiye mwizi," akasema hatimaye. "Amechukua picha bila kuuliza. Nitakwenda kesho niseme naye."

"Basi tutakwenda sote," mama yake akasema. "Akisema kwa kinywa chake kwamba aliiba, na masikio yangu yakasikia, nitarudi kuwaambia wazee ni wizi, na mtoto atabaki hapa. Lakini kama aliuziwa, nitaondoka na Barasa kwa basi la mchana."

"Hakuna haja ya wewe kujichosha, mama. Nitakwenda peke yangu."

"Nimetoka Butali. Studio ni mbali kuliko Butali?"

Sellah alishukuru moyoni. Alimwona mama mkwe kuwa mkali lakini mwenye haki, na aliamini kwamba kesho yote yatakwisha. Usiku ule ni yeye peke yake aliyelala.

* * *

Nuru Studio ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Mumias, na nje ya mlango palikuwa na sanduku la kioo lililojaa picha za watu: polisi amesimama wima, vijana wenye miwani ya jua, mabibi harusi. Mama Nabwire akasimama mbele yake, mjukuu mkononi.

"Hawa wote wamekubali kukaa hapa nje?"

"Wanapenda, mama," Wanyonyi alimjibu akitoka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya kahawia kwa dawa za kusafishia picha. "Nikimtoa mtu anakuja kulalamika. Huyu bibi harusi ameshaachwa. Bwana alikuja akataka niiondoe, mke naye akaja akasema iache, ndiyo siku pekee aliyopendeza. Sasa mimi nifuate nani?"

Aliwakaribisha ndani, akampa Mama Nabwire kiti cha wateja, kile kilekile kilichokuwa kwenye fremu nyumbani. Pazia lilelile lilining'inia nyuma. Sellah ndiye aliyeanza, maana aliona mumewe haanzi.

"Bwana Wanyonyi, uliuza picha ya mtoto wangu."

"Niliuza picha yangu, mama. Ya kwenu mnayo nyumbani."

"Mtoto ni wetu," Hezekiah akasema chini chini.

"Mtoto ni wenu, nani amekataa? Lakini mashine ni yangu, filamu ni yangu, dawa ni yangu. Mteja anaondoka na karatasi yake. Filamu inabaki na mpiga picha. Ndivyo nilivyofundishwa Kisumu kwa Wahindi, na hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa. Walikuja watu wa mambo ya chakula, daktari mmoja na mama wa Kizungu, wakasema wanatafuta picha ya mtoto wa namna ile, wafundishe watu. Nikafungua bahasha zangu. Nikaona ni jambo zuri hata."

"Jambo zuri?" Sellah akasema. "Umemweka uchi mbele ya kila mtu."

Wanyonyi akakuna shingo. "Sikufikiria watu watamjua. Hilo nakubali. Pole, mama."

"Hukuniuliza."

"Niliuliza."

"Uliniuliza mimi? Lini?"

Mpiga picha akamgeukia Hezekiah, na uso wake ukawa wa mtu anayeomba ruhusa.

"Karani. Niseme?"

"Hayo ni mambo ya zamani," Hezekiah akasema haraka. "Tumekuja kwa hii ya sasa."

"Sema," akaamuru Mama Nabwire.

Wanyonyi akaanza kuipangusa kamera yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama Barasa alikuwa ametoka nje kusuuza kitambaa, mtoto alikuwa ametapika. Baba akaniambia hana kitu mfukoni, nimwamini mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwambia hapana haja. Nikamwambia, hebu nipige ya pili, bila nguo, kuna watu wa hospitali huulizia picha za namna hii. Ya pili iwe yangu, nifanye ninavyotaka, na ya kwanza nakupa bure. Akasema, 'Piga, lakini usimwambie mama yake.' Ndiyo maana nikasema shati linaharibu uso."

Nje, fundi cherehani alikuwa akiimba. Barasa alikuwa amekwisha kuingia nyuma ya pazia na alikuwa akichungulia.

"Uliniambia ulimlipa," Sellah akamwambia mumewe.

Hezekiah alikuwa ameivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. "Nilifikiri atakufa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya korti. "Nilitaka tubaki na uso wake. Sikuwa na kitu."

"Ungeniambia siku ile, ningekubali."

Na kweli angekubali. Angemvua mtoto shati yeye mwenyewe bila kudanganywa, ili mradi apate kile kipande cha karatasi. Hilo ndilo lililomuuma.

"Hiyo filamu inaweza kurudi?" Mama Nabwire akauliza.

"Haiko tena kwangu, mama. Na wamekwisha kuchapisha nyingi. Hata mimi sijui zimefika wapi." Uso wa Wanyonyi ukachangamka. "Lakini nina wazo. Nimpige mtoto sasa, bure kabisa, alivyonenepa hivi. Niiweke kwenye kioo pale nje, katikati. Watu waone amepona."

"Acha," Mama Nabwire akasema, akainuka. "Tumepigwa vya kutosha."

* * *

Walisimama barazani mwa duka lililofungwa, mbali kidogo na studio. Mama Nabwire alifunga upya fundo la kanga yake, akalifungua, akalifunga tena. Kwa mara ya kwanza tangu jana alionekana mzee.

"Mke wa mwanangu," akasema, "nilikukosea. Umesema kweli."

"Asante, mama."

"Mtoto atabaki na wewe. Sitamgusa." Akaangalia upande wa kituo cha basi. "Lakini kule nyumbani wananingoja na jibu. Nikisema ni Hezekiah, shule wanamnyang'anya. Wataanza kuhesabu hata pesa ambazo hajala. Mwanamume akianguka mbele ya wazee haokotwi. Wewe ni mwanamke, wewe huna kiti kule cha kunyang'anywa. Watakusema leo, watakusema kesho, watapata mwingine wa kusema."

Sellah akamtazama bila kuelewa, halafu akaelewa.

"Niseme ni mimi."

"Mimi ndiye nitasema. Wewe usikatae tu. Ukikataa, itabidi nimchukue mtoto, maana niliwaahidi wazee kurudi na jibu au na mtoto."

"Na yeye anasemaje?"

Hezekiah alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye nguzo, akifuta kiti chake kwa leso. Aliendelea kukifuta. "Mama amesema," akajibu.

Neno la mayai lilimpanda Sellah mpaka ulimini. Angeweza kulisema: kwamba maradhi yenyewe yalitoka Butali, kwa agizo. Alimwona mama mkwe amesimama mbele yake, na akajua kwamba mama yule naye analijua, kwamba alisimama mbele ya picha ile na mzigo wa kuni akalijua palepale. Kulisema kungekuwa kumvua nguo mtu mwingine. Barasa alikuwa ameishika sketi yake, anasema ana njaa.

"Sawa, mama," Sellah akasema.

* * *

Basi la mchana lilikuwa linapakia. Watu wa Butali waliokuwa wamekuja mjini walikuwa wamesimama kando yake na magunia na vibuyu vyao, na mke wa Shitanda alikuwa wa kwanza kumwona Mama Nabwire akija mikono mitupu.

"Kumbe hukumchukua?"

"Mtoto amezoea mama yake. Nimemwonea huruma."

"Basi si yeye aliyeuza?"

Mama Nabwire akaweka mguu kwenye ngazi ya basi. "Mwulize mwenyewe," akasema, akapanda, akakaa upande ule ambao dirisha lake halikuwatazama.

Wakamgeukia Sellah. Walikuwa sita au saba, na wengine waliokuwa wakipita wakasimama.

"Ni kweli uliuza picha ya mtoto?"

"Ni kweli," Sellah akasema. "Ni mimi."

"Na bwana?"

"Hakujua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Yesu! Na pesa ulifanyia nini?"

Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. Aliinua macho kumtafuta mumewe. Hezekiah alikuwa juu ya paa la basi, anafunga kikapu cha mama yake kwa kamba, akakifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Nilinunua sukari," Sellah akasema.

"Sukari!" Neno likapokewa, likapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, likapanda basini pamoja na magunia. "Ati sukari! Mungu wangu." Mtoto mgongoni kwa mtu alilia, kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Sellah akamwinua Barasa, akamkalisha kiunoni pake, akabaki amesimama palepale ili kila anayetaka kumwona amwone.

Hezekiah akashuka. Mzee Shitanda, aliyekuwa amesikia yote, alikuwa akimngoja chini ya ngazi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Pole sana, karani," akamwambia. "Wanawake hawa wanaweza kukumaliza. Sisi wazee tumeona moyo wako. Wewe vumilia tu."

Hezekiah alimtazama mkewe juu ya bega la mzee. Sellah alikuwa karibu kutosha kusikia. Kondakta alikuwa amepanda, na injini ilikuwa imeanza kunguruma.

"Asante, mzee," Hezekiah akasema.